Kabla hamjakodi spika, pimeni mlango wa choo

Masika yakishaisha na mazao yakaingia ghalani, ngoma huanza. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni nadra Jumamosi ipite bila kata, shule au kikundi fulani kuandaa tamasha: ngoma za asili, maigizo, kwaya, maonyesho ya picha na vinyago, na singeli ya vijana ya kufunga siku.

Kamati ikiundwa, ajenda za kikao cha kwanza zinajulikana hata kabla watu hawajakaa: jukwaa, spika, maturubai, mgeni rasmi na chakula cha mgeni rasmi.

Leo naomba kuongeza ajenda moja, na naomba itangulie hizo zote. Kabla hamjakodi spika, azimeni tepu ya fundi mwende mkapime mlango wa choo.

Msomaji anaweza kujiuliza choo na sanaa vinakutana wapi, na kwa nini jambo hili liwe kwenye ukurasa wa afya. Vinakutana kwa mtu mwenye ulemavu. Kwake choo ndicho kinachoamua kama atakuja kwenye tamasha, atakaa kwa muda gani, na kama kesho yake ataamkia nyumbani au zahanati.

Wanaokuja na kiu yao

Wapo watu ambao siku ya kwenda kwenye shughuli ya umma hawanywi maji tangu asubuhi. Hawajafunga. Wanajua tu kwamba huko waendako hakuna choo watakachoweza kuingia.

Muulize mtu aliyeumia uti wa mgongo, awe alianguka kutoka juu ya mwembe au alipata ajali ya bodaboda, atakueleza. Muulize mama anayetumia baiskeli ya miguu mitatu, au mzee anayetembelea gongo baada ya kiharusi. Kila mmoja ana hesabu yake ya saa: akinywa chai saa 1 asubuhi, ikifika saa 4 lazima awe amesharudi nyumbani.

Hesabu hiyo mwili unailipia. Mtu asipokunywa maji, mkojo unakuwa mzito na mchache, na bakteria ambao walipaswa kutolewa na mkojo wanabaki kwenye kibofu wakizaliana. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi tumezoea kuyaita UTI, ni miongoni mwa matatizo yanayowarudisha hospitali mara kwa mara watu waliopooza miguu, hasa wanaotumia mpira wa mkojo. Wengi wao hawasikii maumivu ya kukojoa kama watu wengine. Wanakuja kushtuka homa imepanda na mwili unatetemeka, pengine maambukizi yameshafika kwenye figo.

Kubana mkojo nako kuna hatari yake. Kwa mtu ambaye uti wa mgongo umeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa kupita kiasi kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Utamwona analalamika kichwa kinamgonga, uso na shingo vinamtoka jasho, anahangaika. Hiyo ni dharura. Msimlaze. Mketisheni wima, legezeni nguo zinazombana, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au mfuko umejaa, kisha awahishwe hospitali.

Tena watu hao hao hawatoki jasho vizuri kwenye sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha, kwa hiyo jua la mchana huwapandisha joto haraka. Sasa mweke mtu huyo juani kwa saa tatu, bila tone la maji kwa kuogopa choo, halafu useme umemwalika kwenye burudani.

Choo chenyewe ni kipi?

Hakuna anayedai vigae wala marumaru. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80, na 90 ni bora zaidi. Ufunguke kwa nje. Ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti mwendo, yaani mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Ukutani pawe na bomba imara la kujishikilia. Maji na sabuni viwe mahali ambapo mtu aliyekaa anavifikia.

Choo cha kuchuchumaa hakimfai mtu ambaye magoti hayakunjiki, lakini hapo pia kuna njia. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo. Hakikisheni hakiyumbi na mbao zimepigwa msasa.

Kama tamasha linafanyika uwanja wa shule, anzeni na swali rahisi. Baadhi ya shule zina tundu la choo lililojengwa kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu, ila mara nyingi limefungwa kufuli au limegeuzwa stoo ya mafagio. Ulizeni ufunguo yuko nao nani.

Abaki nyumbani aangalie kwenye simu?

Wapo watakaosema mbona siku hizi kila kitu kinarushwa mtandaoni, mgonjwa abaki nyumbani aangalie kwenye simu. Kwanza, mtu mwenye ulemavu si lazima awe mgonjwa. Pili, kubaki nyumbani ndiko kunakomfanya awe mgonjwa.

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Mapitio hayo yalionyesha kwamba kuimba, kucheza, kuchora na kuhudhuria shughuli za sanaa kunasaidia kukinga maradhi na kuwasaidia walio nayo, ya mwili na ya akili. Mwaka 2025 tume ya WHO inayoshughulikia uhusiano wa kijamii ilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani.

Ziweke taarifa hizo pamoja na ile ya WHO ya mwaka 2022 kuhusu watu wenye ulemavu. Inasema watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya kila 6, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Hatari yao ya kupata sonona, kisukari au kiharusi ni mara mbili ya wengine, na baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema. Sehemu kubwa ya pengo hilo haitokani na ulemavu wenyewe. Inatokana na mazingira yanayowazuia kufika wanakofika wenzao.

Wazee wetu hawakusubiri tafiti hizo. Ngoma ilipigwa mavuno yalipoingia, watoto walipotoka jandoni, hata mgonjwa alipopungwa. Walijua kwamba mtu anayekaa peke yake haponi.

Namfahamu mzee mmoja aliyekuwa mpiga ngoma hodari kijijini kwao. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia. Alifanya mazoezi ya viungo kwa bidii mpaka akaweza kutembea kwa gongo. Lakini ngoma ilipopigwa uwanjani, umbali wa nyumba chache kutoka kwake, aliisikiliza akiwa kitandani, kwa sababu kati yake na uwanja kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua usio na kivuko. Mfereji wenyewe ni wa hatua moja. Mbao tatu zingetosha.

Tembeeni njia yote

Choo nimekitanguliza kwa sababu ndicho kinachosahaulika zaidi, lakini safari ya mgeni haianzii chooni. Inaanzia kwenye tangazo. Ikikatika sehemu moja, kwingine kote mlikotengeneza ni kazi bure.

Tangazo lenye picha peke yake halimfikii asiyeona, na la kipaza sauti juu ya gari halimfikii kiziwi. Yatolewe yote mawili, na kila moja liseme wazi kuna nini: kuna choo cha watu wenye ulemavu, kuna mkalimani wa lugha ya alama, kuna kivuli, bodaboda na bajaji zinaweza kumshusha mtu mpaka langoni. Mtu akijua hayo mapema anaamua akiwa nyumbani, hahitaji kuja kubahatisha.

Pale langoni ndipo penye ngazi, kokoto na kamba za kuzuia watu. Kanuni ya njia ya mteremko ni rahisi na fundi yeyote ataielewa: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, weka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Ngazi tatu za namna hiyo zinahitaji mita 5.4. Ukiufupisha, kiti mwendo kitapinduka kwa nyuma au kitashuka kwa kasi na aliyekaa ndani.

Nimeona mara nyingi vijana wanne wenye moyo mzuri wakimnyanyua mtu pamoja na kiti chake kupandisha ngazi, na watu wakipiga makofi. Nawapongeza kwa nia, lakini njia hiyo ni hatari. Mifupa ya miguu iliyopooza kwa miaka mingi huwa dhaifu, inavunjika kirahisi na mwenyewe hasikii. Na yupo mama wa heshima zake ambaye hatakuja tena maishani mwake, kwa sababu hataki kubebwa mbele ya wakwe zake.

Acheni akae kwenye kiti chake

Kosa jingine la ukarimu ni kumhamisha mgeni kutoka kwenye kiti mwendo na kumweka kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, eti apumzike. Asiyehisi makalio yake anapata vidonda vya mgandamizo kwa kukaa muda mrefu kwenye kitu kigumu. Kidonda kinaweza kuanza ndani ya saa chache na kikachukua miezi kupona. Mto ule anaoukalia kwenye kiti chake una kazi yake, na anahitaji kujiinua au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Kwa hiyo acheni nafasi tupu kati ya viti, ardhi tambarare, mahali ambapo watu wakisimama kushangilia bado anaona. Msizitenge nafasi hizo zote kona moja kama zizi. Mtu amekuja na mkewe na watoto wake, akae nao.

Kivuli kisiishie kwa mgeni rasmi. Mwenye ualbino akikaa juani tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni anaungua ngozi, na kuungua huko kukijirudia mwaka hadi mwaka ndiko kunakomletea saratani ya ngozi. Wengi wao pia wana uoni hafifu, hivyo wanahitaji kivuli na kuwa karibu na jukwaa kwa wakati mmoja.

Masikio, macho na taa

Spika nazo zina kipimo. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo wa usikilizaji salama kwenye kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na pawepo mahali tulivu pa kupumzisha masikio. Mahali hapo tulivu pana faida mara mbili. Mtoto mwenye usonji akilemewa na kelele, mama yake ana pa kumpeleka akatulia na kurudi, badala ya kuondoka naye akilia huku watu wakimtazama.

Viziwi nao huja kwenye muziki. Ngoma kubwa huisikia kifuani na miguuni. Wawekeni karibu na wapigaji. Kwenye maigizo, mashairi na hotuba awepo mkalimani wa lugha ya alama, asimame penye mwanga, na giza likiingia taa isimuache. Shughuli ikiwa ndefu wawe wawili wapokezane, kwani kazi ile inachosha akili na mikono, na mkalimani aliyechoka huanza kuruka maneno.

Kwa wasioona, mshereheshaji ana kazi ndogo yenye faida kubwa: kusema kinachoonekana. Wachezaji wameingia kumi na wawili, wamevaa njuga miguuni, wa mbele amebeba ungo kichwani. Hata wanaoona hufurahia. Na kwenye maonyesho ya vinyago, lile bango la kukataza kugusa litafutiwe utaratibu. Kinyago cha mpingo kimechongwa kwa mikono, na mwenye kuona kwa vidole ana haki ya kukisoma kwa mikono. Tengeni saa moja kabla ya umati kuingia, msanii mwenyewe awepo.

Zile taa za disko zinazowaka na kuzima haraka haraka zinaweza kumwangusha mtu mwenye aina ya kifafa kinachoamshwa na mwanga. Ni wachache kati ya wenye kifafa, kama 3 katika kila 100, lakini mmoja akianguka kwenye umati wa gizani anaweza kuumia vibaya. Taa zisimweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na watu waambiwe kabla ya kuwashwa.

Msanii naye yumo

Tukizungumzia watu wenye ulemavu, mawazo yetu hukimbilia kwenye viti vya watazamaji. Je, jukwaani wanapandia wapi? Kinshasa ilitoa Staff Benda Bilili, wanamuziki waliopooza kwa polio waliopiga muziki wao wakiwa kwenye baiskeli za miguu mitatu na mwaka 2009 wakatoa albamu iliyosikika duniani. Kwetu hapa, watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe walirekodi albamu yao mwaka 2017.

Jukwaa lenye ngazi za mbao tu nyuma linasema bila kutamka kwamba msanii ni yule mwenye miguu miwili mizima. Mteremko uwekwe na huko pia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hatutunzwi sote kama wengine hawawezi kupanda kucheza.

Hoja za kamati

Hoja ya kwanza huwa ni fedha. Nakubali kwamba mkalimani analipwa na mbao zinanunuliwa. Lakini kuchagua uwanja tambarare badala ya wenye mlima hakugharimu kitu. Kuacha nafasi kati ya viti, kufungua choo kilichofungwa na mshereheshaji kueleza kinachoonekana ni bure. Kwa vinavyolipiwa, linganisheni na bajeti ya fulana za kamati.

Hoja ya pili ni kwamba watu hao hawaji, sasa tumwandalie nani? Hawaji kwa sababu hamjaandaa. Mtu 1 kati ya 6 yumo katika kila mtaa, ila mmezoea kutomwona.

Hoja ya tatu hutoka maeneo ya kihistoria, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar ambao tangu mwaka 2000 ni urithi wa dunia. Majengo hayo yana vizingiti virefu na hayaruhusiwi kubomolewa ovyo. Ni kweli. Lakini mteremko wa mbao unaowekwa asubuhi na kuondolewa usiku haugusi hata jiwe moja.

Anayetoa kibali aulize

Haya siyo hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara yake ya 30 inahusu haki ya kushiriki katika utamaduni, burudani na michezo. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Karatasi tunazo.

Kinachokosekana ni swali moja kwenye dawati la anayetoa kibali. Afisa utamaduni anauliza kuhusu ulinzi na muda wa kufunga muziki. Aulize na hili: choo cha mtu mwenye ulemavu kiko wapi, na nani amekikagua? Asipojibiwa, kibali kisubiri. Najua baadhi ya waandaaji watanuna. Tuliponuna kuhusu kofia ngumu za bodaboda, tulinuna kisha tukavaa.

Mkaguzi bora wala hamtafuti mbali. Vyama vipo: CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona, TAS cha wenye ualbino, CHAWATA, na shirikisho lao SHIVYAWATA, Zanzibar ipo SHIJUWAZA. Waiteni wanachama wa karibu yenu kwenye kikao cha kwanza, kabla uwanja haujachaguliwa, na si siku ya mwisho kuja kupokea zawadi mbele ya kamera. Mmoja wao apite njia yote na kiti chake, kutoka barabarani hadi langoni, hadi kwenye kivuli, hadi chooni na kurudi. Atakapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Wahenga wamesema hujafa hujaumbika. Anayepanga viti leo akiwa na miguu yake mizima anaweza msimu ujao akawa anaomba nafasi ya kiti mwendo. Kikao cha kwanza kikiitishwa, mweka hazina aje na daftari, na mtu mmoja aje na tepu.